Umeme, Tope na Milima: Kutoka Lushoto hadi Mtae Wakati wa Masika

Siku ya kwanza: Lushoto na Irente

Baiskeli zetu za umeme zilifika Lushoto, mji wa milima ya Usambara, zikiwa zimefungwa kamba nyuma ya pikapu, kutoka Arusha kupitia Moshi, Same na Mombo. Kwa ndege isingewezekana. Betri ya baiskeli hizi ni ya wati-saa 625, na ndege za abiria hazipokei betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160. Kwa hiyo anayetaka kuziendesha Usambara azilete kwa barabara, na kutoka Mombo kwenda juu ni kilomita 33 za kona juu ya kona, unapita Soni huku bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande wa pili.

Tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu ambaye ni fundi baiskeli, na kijana mwongozaji, mzaliwa wa huku huku, anayezijua njia za mashambani kuliko anavyoijua lami. Wageni wengi huja Usambara kuanzia Juni, mvua zikishakatika. Sisi tulichagua mwisho wa Aprili makusudi. Njia hizi hazina likizo: mama anayepeleka kabichi gulioni hasubiri kiangazi, wala mtoto wa shule hasubiri. Nilitaka kujua baiskeli ya umeme inamfaa nini mtu wa milimani katika miezi ile ambayo usafiri una shida kweli.

Asubuhi binamu alianza kwa kupunguza upepo. Tairi zilikuwa na presha ya psi 30 na zaidi. Akashusha mpaka karibu na 20, ili tairi ilale kidogo na meno yake yapate mahali pa kushika. Kisha akafungua madigadi zote na kuziacha gesti. Udongo wa mfinyanzi ukijaa kati ya madigadi na tairi, gurudumu hukwama pale pale.

Kwa wasiozijua mashine hizi: kila moja ina kilo 24 hivi. Mota ya wati 250 iko katikati, pale zinapozungukia pedeli, na nguvu yake hupitia kwenye cheni na gia zile zile unazotumia kwa miguu. Usipokanyaga, haisukumi. Ndani yake kuna kihisio kinachopima mguu wako unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, kisha mota inaongeza juu yake kwa kiwango ulichochagua kwenye kitufe cha usukani. Kiwango cha chini hukuongezea nusu hivi ya nguvu yako. Cha juu hukuongezea mara tatu na ushee.

Somo kubwa la safari nzima tulilipata siku hiyo hiyo, kwenye mpando wa kuelekea Irente, kilomita chache nje ya mji. Binamu alitusimamisha mahali palipoteleza, akapanda mara mbili huku sisi tunatazama. Mara ya kwanza aliweka kiwango cha juu kabisa. Tairi ya nyuma ilizunguka bure, ikarusha tope hadi kwenye mikaratusi, ikachimba mtaro, na baiskeli haikusogea hata hatua tano. Mara ya pili aliweka kiwango cha chini, gia nyepesi, makalio kwenye ncha ya mbele ya siti, kifua chini karibu na usukani, akawa anakanyaga mfululizo bila kushtua pedeli. Akapanda mpaka juu polepole, tairi ikiacha alama ya meno tu. Alipotugeukia alisema, "Kwenye tope hukosi nguvu. Unakosa mahali pa kuiweka."

Irente kwenyewe ardhi inakatika ghafla, na tambarare ya Mazinde iko chini karibu mita 1,000. Ukungu ulikuwa umeziba kila kitu. Ulifunguka kwa dakika chache, tukaona mashamba ya mkonge na barabara kuu, ukafunga tena. Tulikula mkate na jibini vinavyotengenezwa pale pale shambani Irente, tukarudi mjini kabla ya mvua ya jioni.

Siku ya pili: Msitu wa Magamba hadi Lukozi

Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Magamba inapanda bila kupumzisha. Kabla ya kuondoka tulipiga hesabu ambayo nampa kila anayeniuliza betri inakwenda kilomita ngapi. Milimani, kilomita si kipimo. Kipimo ni mita za kupanda. Mtu, baiskeli na mzigo wakiwa kilo 100, kuwainua mita 1,000 kunataka wati-saa 270 hivi, kabla hujahesabu kinachopotea kwenye mota, kwenye tairi na kwenye tope. Ukiiachia mota karibu kazi yote, betri ya wati-saa 625 itaisha kabla hujafikisha mita 2,000 za kupanda. Ukichangia nusu kwa miguu yako, una siku nzima.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba ina zaidi ya hekta 9,000, na ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Tulilipa ada, tukaingia kwenye njia pana ya zamani. Humo ndani kuna miti ya mikulo, minene, kuna miti imefunikwa kuvu na mimea inayoning'inia, na mbega weusi wenye mikia ya ncha nyeupe wanaruka juu bila kushuka chini hata mara moja. Mwongozaji alikuwa akisimama kila anaposikia sauti yao, na sisi tulisimama naye. Mota hizi hutoa mvumo mdogo tu, kwa hiyo wanyama hawakukimbia.

Hatari ya msituni ni mizizi. Mzizi uliolowa unaokatiza njia kwa mshazari ndio unaoangusha watu. Unautafuta mapema, unauelekea wima, na unaacha kukanyaga kabla tairi ya nyuma haijaugusa, kwa sababu mota huendelea kusukuma kidogo baada ya mguu kusimama. Sehemu mbili zilikuwa kali mno tukashuka. Hapo kuna kitufe cha kutembezea: unakibonyeza, baiskeli inajisogeza kwa mwendo wa mtu huku umeshika usukani. Kwa chombo cha kilo 24, kitufe hicho ni msaada mkubwa.

Jambo moja nililiona msituni na likanifuata hadi mwisho wa safari. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, lakini kijito tulichovuka ndani ya Magamba kilikuwa na maji safi, unaona kokoto za chini. Chini ya tairi zetu kulikuwa na majani yaliyooza na udongo mweusi ulioshikwa na mizizi. Tulipotoka tu kwenye ukingo wa msitu na kuingia mashambani, maji ya mtaro yakawa mekundu. Mvua ni ile ile na mlima ni ule ule. Tope tulilokuwa tumekuja kuliendesha ni shamba la mtu linaloteremka.

Lukozi ni mji wa mazao. Malori ya viazi, karoti na kabichi yalikuwa yanapakia kuelekea Dar es Salaam, na eneo lote la soko lilikuwa limevurugwa na magurudumu. Tulipata gesti, tukachomeka chaja. Betri ikiwa tupu huchukua saa tano hivi kujaa. Saa tatu usiku umeme ukakatika na haukurudi mpaka asubuhi. Betri yangu ilikuwa imefika asilimia 70, ya binamu kidogo zaidi, ya mwongozaji chini yake.

Siku ya tatu: Lukozi hadi Mlalo

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, na sababu haikuwa kuwahi tu. Tope si la aina moja. Baada ya mvua kubwa huwa jepesi, linaruka kutoka kwenye tairi na kuondoka. Jua likitoka na kulipiga kwa muda wa saa mbili au tatu, linakuwa kama ugali unaoanza kukaza: linanata, linabeba majani na vijiti, tairi inanenepa mpaka inagusa uma, cheni inaruka gia. Huo ndio wakati mbaya zaidi wa kuwa njiani. Kila mmoja wetu alikuwa na kijiti kilichochongwa, mfukoni, cha kukwangulia.

Tuliacha barabara na kushika njia za mashambani. Hapa ndipo Usambara ya kweli ilipo: vilima vilivyolimwa hadi kileleni, maharage chini ya migomba, mistari ya majani marefu ikikata mteremko kwa ulalo, nyumba za matofali mekundu, na njia ya upana wa mtu mmoja inayopita kwenye kingo za mashamba. Adabu yake ni moja tu: mwenye mzigo hapishi. Ukimwona mama ana tenga kichwani, unashuka, unaweka baiskeli upande wa bonde, unasimama upande wa mlima kwenye majani, unamwacha apite katikati ya njia. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, na kila mara tuliambiwa "Asanteni wanangu, poleni na safari."

Mzee mmoja alikuwa anazibua mtaro wa shamba lake kwa jembe. Tukamsalimia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnatoka wapi na matope yote hayo?"

Tukamweleza. Hakuuliza bei wala kasi. Alitembea hadi nyuma yetu akaangalia alama ya tairi njiani, akainama, akaigusa kwa kidole. "Hii haijachimba," akasema. "Pikipiki zikipita hapa zinachimba. Mvua inayofuata inashika pale pale zilipochimba, na mwakani ni korongo."

Nikamwambia kwamba inachimba pia ukiilazimisha. Akatikisa kichwa kukubali, akatuonyesha mstari wa majani ya guatemala juu ya shamba lake. Udongo uliotaka kuteremka umesimama nyuma ya majani yale, na kwa miaka umejenga ngazi yenyewe. Majani anakata, anampelekea ng'ombe nyumbani, na samadi inarudi shambani.

Huku kuna historia ndefu ya udongo, na mzee aliisimulia kama mambo ya jirani. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa Usambara nzima. Watu walilazimishwa kulima matuta ya kuzuia maji kwenye mashamba ya miteremko, na asiyelima alishtakiwa. Kazi kubwa iliwaangukia akina mama, wakati mashamba yenyewe yalikuwa madogo na hayatoshi chakula. Wasambaa waliukataa mpango ule, na katika miaka ya 1950 upinzani huo uliiletea TANU wafuasi wengi milimani. Serikali ikaachana na mpango huo kabla ya uhuru. Miaka ya 1980 ukaja mradi mwingine, wa Tanzania na Ujerumani Magharibi, uliohimiza majani haya ya malisho kwenye mistari ya kontua, ile inayokata mteremko kwa ulalo. Mzee alisema yeye aliyapanda kwa sababu ng'ombe wake alikuwa na njaa. Nadhani sababu hiyo ina uzito kuliko amri zote za mkuu wa wilaya wa enzi zile.

Baada ya pale nilikaza kiwango cha chini kabisa na sikukipandisha tena mpaka Mlalo, hata pale miguu ilipowaka. Tairi isiyozunguka bure haimalizi betri, haikuangushi, na haimwachii mkulima mtaro. Kanuni ya binamu ya Irente na kanuni ya mzee zilikuwa moja.

Mteremko wa mwisho kuingia Mlalo ulichukua muda kuliko mpando. Breki za diski zilikuwa zinalia kwa mchanga. Kwenye utelezi breki ya mbele inaguswa kwa kidole kimoja, taratibu, na ya nyuma ndiyo inayoshikilia. Ukikamata ya mbele kwa hofu, gurudumu linaondoka chini yako. Mwongozaji aliteleza kwenye kona moja, akalala ubavu kwenye maharage, akainuka mzima. Alikwenda hadi nyumba ya jirani kuomba radhi kwa mashina aliyoyavunja. Mwenye shamba alicheka, akampa maji ya kunawa.

Mlalo iko kwenye bonde la mto Umba, ina nyumba za ghorofa za matofali zenye baraza za mbao, na misheni ya Kilutheri ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1891. Mto ulikuwa umejaa na ni mwekundu kabisa. Umba unateremka hadi tambarare, unavuka mpaka kuingia Kenya na kumwaga baharini upande wa Vanga. Nilisimama darajani nikiwaza mashamba mangapi yamo katika maji yale. Usiku ule umeme ulikuwepo hadi asubuhi, betri zote zikajaa.

Siku ya nne: Mlalo hadi Mtae

Kilomita 21. Kwenye lami ni safari ya chini ya saa moja. Huku tulitumia karibu siku nzima.

Mpando wa kwanza baada ya Mlalo ni mrefu na umejaa mawe yaliyolowa. Mota ya katikati inapenda miguu iende haraka kwenye gia nyepesi. Ukikanyaga polepole kwenye gia nzito inapata joto na kula betri zaidi. Tulipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na kila mahali penye maji yaliyosimama tulipita katikati, kwa sababu ukikwepa pembeni unapanua njia kuingia shambani kwa watu. Hilo binamu alilisisitiza mpaka likawa desturi.

Kijito kimoja kilikuwa kimelisomba daraja la miti. Maji yalikuwa ya magoti, lakini yana kasi. Tulichomoa betri, tukazifunga kwenye mifuko ya plastiki, mwongozaji akazivusha moja moja begani. Betri hizi zimezibwa zisiingie mvua na tope, ila hazikutengenezwa kuzama. Kisha tukabeba baiskeli, watu wawili kwa kila moja, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ng'ambo tulifuta sehemu za kugusana za betri kwa kitambaa kikavu kabla ya kuzirudisha.

Hapo mtoni palikuwa na vijana watatu na mama mmoja aliyekuwa anasubiri maji yapungue. Swali la kijana lilikuwa lile ninalolisikia kila mahali: "Mkiteremka si inajichaji yenyewe?" Haijichaji. Mota iko kwenye pedeli, na ukiteremka bila kukanyaga gurudumu la nyuma linazunguka huru, halirudishi kitu kwenye mota. Unachoteremka umekipoteza kwenye breki.

Mama aliuliza swali zito zaidi. "Inabeba gunia?"

Niliitazama baiskeli yangu, siti nyembamba, shokapu ya nyuma, hakuna keria. Nikamjibu hii haibebi, imetengenezwa kubeba mtu mmoja tu. "Basi ya kubeba gunia itakuja lini?" akauliza, bila kukasirika. Yeye alikuwa na ndoo ya karoti na safari ya saa mbili kwa miguu. Mwongozaji aliichukua ndoo ile, akaifunga mgongoni kwa khanga ya mama mwenyewe, akaendesha nayo mpaka juu ya kilima huku mama akipanda na sisi tuliokuwa tunasukuma. Kilima kile chote tuliongea habari za bei ya karoti, ambayo hushuka masika kwa sababu malori hayafiki. Jambo hilo ndilo linalonishughulisha tangu siku ile. Nguvu ya mota ndogo inatosha kabisa kwa mzigo ule. Kinachokosekana ni fremu fupi imara, keria ya chuma na tairi nene, na vitu hivyo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza.

Tulifika Mtae jioni, betri yangu ikiwa na asilimia 20 na ushee. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, nyumba zimejipanga kwenye ukingo, na pande zote mbili ardhi inashuka.

Siku ya tano: Mtae

Asubuhi ilikuwa safi. Chini kabisa kulikuwa na tambarare ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, na upande wa kaskazini magharibi milima ya Upare.

Kazi ilikuwa kuosha. Tulitumia ndoo, brashi na kitambaa. Mashine ya kuoshea magari yenye presha isitumike kamwe: inasukuma maji ndani ya bearingi na mota. Pedi za breki za nyuma zilikuwa zimebaki unene wa kadi, tulizianza zikiwa mpya. Zilikuwa za resini, laini na kimya, lakini tope lenye mchanga huzimaliza upesi. Safari ijayo tutafunga zenye mchanganyiko wa chuma. Cheni ilikuwa imerefuka, binamu akaipima na kusema ibadilishwe kabla haijaharibu meno ya gia.

Fundi baiskeli wa Mtae alikaa nasi kazi yote, akishika kila kifaa. Alitaka kujua kama anaweza kufunga mota kwenye baiskeli yake ya kawaida, ile ya fremu ya chuma yenye keria. Binamu alimweleza kuwa ziko aina mbili. Ya kwenye gurudumu ni rahisi kufunga na bei yake ni nafuu, ila kwenye mpando mrefu na mkali inazunguka polepole mno, inapata joto na inaweza kuungua. Ya kwenye pedeli hutumia gia za baiskeli, ndiyo inayofaa kwa Mtae, lakini cheni na gia za nyuma lazima ziwe imara, na breki zile za vyuma vya kuvuta hazitoshi tena. Wakachora fremu kwenye ganda la boksi: betri chini katikati, keria iliyoshushwa ili gunia likae chini ya usawa wa siti, mguu wa kusimamishia wa pande mbili.

Kisha fundi akaomba kuijaribu ya kwangu. Binamu akampa maelezo yale yale ya Irente, akaweka kiwango cha chini. Fundi alipanda njia ya nyuma ya nyumba yake, ile anayoipanda kila siku akisukuma, akafika juu, akageuka, akateremka kwa breki ya nyuma. Jambo la kwanza aliloangalia ni alama ya tairi. Pikapu ilipofika saa sita, wao wawili walikuwa bado wanapima urefu wa keria kwa kamba.